Kuku wa Neno la Siri

Wewe, ulishawahi kuona kuku akichinjwa kwa sababu kompyuta imejifunga? Usicheke kwanza. Mimi nimewaona wakichinjwa, na wote walikuwa wangu, na kila mmoja nilimjua kwa tabia yake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, hapa hapa Nyalenda, kwenye nyumba hii ya matofali aliyoijenga marehemu mume wangu, Absalom. Absalom alikuwa mtu wa reli. Alipokaribia kustaafu alipata kitu ambacho hakuna jirani aliyekuwa nacho, simu ya mezani, nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole. Akaitia kufuli dogo kwenye lile duara la namba ili watoto wasipige ovyo, na ufunguo akawa anaufunga kwenye pindo la leso yake. Baada ya yeye kufa ndipo mjukuu wangu Tom aliponionyesha kwamba ukikigongagonga kile kitufe cha kukatia simu unaweza kupiga bila kugusa kufuli. Kwa hiyo mambo ya kufunga vitu sikufundishwa na kompyuta.

Hiyo kompyuta aliileta mwanangu mkubwa, Walter, babake Tom. Aliinunua kwa watu wa mradi fulani waliokuwa wanafunga ofisi, ikaja kwa pikapu imefunikwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwa kuwa waya wa simu ulifika kwangu tu, iliwekwa sebuleni kwangu, kwenye meza ya dirishani. Nilishona vitambaa vyenye taraza, kimoja cha kioo, kimoja cha lile sanduku linalovuma, kimoja cha vile vidude vya kuandikia.

"Mama, itashikwa na joto," Walter akasema.

"Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi," nikamwambia.

Ilikuwa ya wote. Walter ni katibu wa kanisa, aliandikia barua za kanisa. Tom alisema ni ya masomo. Binti yangu Milka alikuja Jumamosi kuchapa mitihani ya mume wake Joram, ambaye ni mwalimu wa hesabu huko Maragoli. Joram mwenyewe hakuja, na si kwa ubaya. Mkwe haingii kwa mama mkwe wake kama mtu anayepita dukani kununua chumvi. Anatoa habari mapema. Anakaa kiti kizuri. Anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa kwenye sahani yake, si ya mtu mwingine. Mimi nakaa jikoni nyuma ya pazia, namsalimu nikiwa huko huko. Hatupeani mikono, wala hanioni nikitafuna. Kwao Maragoli ni hivyo hivyo, hata zaidi. Tuliheshimiana namna hiyo tangu alete mahari, na tukapendana sana, kila mmoja upande wake wa pazia.

Sasa sikia kilichokuwa kinanisumbua. Kitinda mimba wangu, Perez, yuko Uholanzi, ni muuguzi. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kiume, akampa jina la babake, Absalom. Akanipigia simu.

"Mama, picha yake nimeiweka kwenye disketi. Ataileta dada mmoja wa kanisa. Iwekeni tu kwenye kompyuta ya Walter utamwona. Ana paji la uso la Baba, lile lile."

Marehemu aliniachia picha moja tu, amesimama kando ya garimoshi, na kofia ya reli imeshuka mpaka kwenye nyusi. Lile paji la uso, ambalo ndilo nililoliona kwanza siku aliponitafuta Sondu sokoni, limo chini ya kofia. Kwa hiyo disketi ilipofika, ya buluu, ndogo kama kipande cha mkate, niliifuta vumbi nikaiweka kwenye kopo la majani ya chai mahali ambapo hakuna mtu anayetia mkono ila mimi. Nikamngoja Walter aje.

Walter alipokuja, alikuja na hasira.

Tom alikuwa ameleta disketi ya mchezo kutoka kwa rafiki zake, na ndani yake kulikuwa na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe haukuua kompyuta. Uliingia kwenye barua za Walter ukaanza kuhamisha maneno. Neno la mwanzo unalikuta mwisho, la mwisho unalikuta katikati, na Walter, kwa haraka zake, alikuwa ameshazitoa kwenye karatasi na kuzituma bila kuzisoma. Kamati ya wamama ikapokea barua inayosema wamechangwa wao ili mabati yaje kuwashukuru. Wamama wakanuna kabisa.

"Kuanzia leo hakuna disketi yoyote itakayoingia hapa," Walter akasema. "Yoyote. Hata iwe ya askofu."

"Hata ya Perez?" nikauliza.

"Mama, hasa za ng'ambo. Huko ndiko magonjwa yanakotengenezwa."

Kabla hajapoa, Tom akamwongezea. Alikutwa yeye na wenzake wamejazana mbele ya kioo, kimya kuliko wakati wa sala, wanangoja picha fulani ishuke kutoka intaneti. Siku zile picha ilikuja polepole, kutoka juu kwenda chini. Zilikuja nywele, ukangoja. Zikaja nyusi, ukangoja. Walter aliingia mlangoni picha ikiwa imefika mabegani.

"Hii ni nini?"

"Ni mwimbaji, Baba."

"Anaimba nini bila nguo?"

"Hatujui kama hana nguo," Tom akasema. "Bado haijafika huko."

Nilicheka nikauma pembe ya kanga. Walter hakucheka. Akakata shauri kwamba kompyuta itafutiwe dawa mbili pamoja, ya kuzuia ugonjwa na ya kuzuia uchafu.

Kuchagua dawa hizo kulituchosha kuliko kuchagua mchumba. Kulikuwa na Mbarak, mfanyabiashara wa mjini, mwenye duka la kutengeneza redio na kompyuta karibu na soko, mtu mpole, anaongea Kiswahili kama anamimina maziwa. Alieleza kwamba kuna programu inayozuia kurasa mbaya inazozijua, mengine yote inayaachilia. Kuna nyingine inayozuia kila kitu, mpaka uitajie unachokubali. Walter akataka inayozuia kila kitu. Milka akaenda kwake, akarudi na maneno ya Joram kwamba hiyo ya Walter itazuia hata matokeo ya mitihani. Walter akajibu. Milka akapeleka. Joram akajibu. Mimi nikipika chai ya hayo majibu.

"Kwa nini hawazungumzi wenyewe?" nikamuuliza Milka.

"Wanaheshimiana," akasema.

"Basi waheshimiane kwa ufupi."

Mwishowe walikubaliana programu moja iliyofanya kazi zote mbili. Inakagua kila disketi inayoingia, inachunga intaneti, na ikishuku jambo lolote inakataa mpaka mtu apige neno la siri. Mbarak akaja nayo nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema, "Sasa mnichagulie mtu wa kushika hilo neno. Awe mtu ambaye watoto hawawezi kumzunguka."

"Mimi ndiye baba wa nyumba," Walter akasema.

Tom akaangalia dari. "Baba ataandika Gor Mahia, timu yake ya mpira."

"Nani amekuuliza?"

"Nasema tu. Redio ni Gor Mahia, sanduku la nguo ni Gor Mahia, kufuli la baiskeli…"

"Basi ashike Mama," Milka akasema.

"Mama atalitoa kwa yeyote atakayemwita Dani kwa sauti nzuri," Walter akasema. Dani ndiyo nyanya kwetu. Na mimi nimekaa hapo hapo, si chungu, nina masikio. Lakini ilikuwa kweli.

Ndipo Milka akasema apewe mume wake. Ni mwalimu, hasemi ovyo, Tom anamwogopa. Walter akafurahi. Hata mimi nilisema Joram ni mtu mzuri. Mbarak peke yake ndiye aliyeuliza kama anaishi karibu.

"Ni hapo juu tu, Maragoli," Walter akamwambia.

Hakuna aliyefikiria kompyuta inakaa nyumbani kwa nani.

Joram akaja mara ya kwanza kuliweka neno. Nilimchinjia yule kuku mweupe aliyekuwa ameacha kutaga, sikuona uchungu. Walipomaliza kula, wote wakageuka ukutani ili Joram apige neno lake, na Tom akafunikwa kichwa kwa taulo. Nilikuwa nimeshamwambia Walter kupitia pazia, "Mwambie mkwe kuna disketi ya Perez."

"Ngoja kwanza tuone kama inafanya kazi, Mama."

Ikafanya kazi. Ikakagua tumbo lote la ile kompyuta mpaka mvua ya alasiri ikaja, na mvua ilipokuja umeme ukaenda. Joram akashukuru kwa chakula akaondoka kungali mchana, maana mkwe halali kwa mama mkwe.

Baada ya hapo programu ikaonyesha tabia yake, na tabia yake ilikuwa kama ya mke mwenza. Ilikataa masomo ya Tom ya biolojia kwa sababu yalitaja mimba, na ilikuwa mimba ya maua. Ilikataa disketi ya mchungaji. Tom akajaribu kubahatisha neno, na ukikosea mara kadhaa inajifunga yote, inakaa na kioo cheusi kama imefiwa. Kila ilipojifunga, Walter alipiga simu shuleni kwa Joram. Kila Joram alipoitwa, alikuja amevaa koti. Na kila alipokuja na koti lake, mimi niliingia bandani.

Akaenda yule mwekundu. Akaenda yule mwenye shingo tupu, aliyekuwa anataga kwenye kiti cha marehemu. Akaenda jogoo, na mtaa ukakosa wa kuuamsha. Jirani yangu Swaumu, muuza mandazi, akaja uani akaona manyoya.

"Mama Walter, leo tena?"

"Leo tena. Imejifunga."

"Si umpikie sukuma wiki na samaki, mtu ale aende?"

"Mkwe umpe sukuma? Milka nitamtazama na macho gani?"

"Basi asiseme hilo neno kwenye simu?"

Tulishajaribu. Simu ya shule ilikuwa kwenye meza ya mwalimu mkuu, na Joram akasema neno likitamkwa mbele ya mwalimu mkuu si siri tena. Halafu mwenyewe akatuma ujumbe kwa Milka kwamba Mama asihangaike, yeye atakunywa chai ya mkandaa tu, bila maziwa. Milka akaja kwangu machozi yamemjaa. "Mama, watu wa kwao wakisikia anapewa chai tupu, watasema umemchoka." Nikamwambia afute machozi aniletee maji ya kumnyonyolea kuku.

Hayo yote ningeyabeba. Nimebeba makubwa. Lakini ile disketi ya buluu iko kwenye kopo la chai, na kila mkwe anapokuja mimi nasema moyoni leo ndiyo leo. Nilimwambia Milka amwambie. Milka akasema sawa, kisha wakaanza kuzungumza karo ya Kageha, binti yao, mpaka mtu akavaa kofia. Safari nyingine nikafanya akili. Niliiweka disketi kwenye trei, kando ya bakuli la maji ya kunawa, mahali ambapo hata kipofu angeigusa. Joram akanawa, akaiona, akaifuta maji kwa leso yake kwa adabu, akampa Walter akidhani ni yake. Walter akaruka.

"Nani ameleta hii ndani? Hizi ndizo zilizotuua." Akaituma irudi jikoni kwenye ile ile trei, juu ya mifupa.

Nimekaa nyuma ya pazia, kinywa kimejaa maneno, na siwezi kumwita mkwe wangu kwa sauti kumwomba kitu. Mama mkwe haombi. Anaombewa. Na waliotakiwa kuniombea wanaongea mpira.

Perez akapiga simu. "Mama, umeshamwona?"

"Bado."

"Bado? Kompyuta iko hapo sebuleni."

"Iko. Inapikiwa."

"Inafanywa nini?"

"Tutaongea."

"Mama, ameanza kukaa. Nilitaka umwone bado ni mchanga."

Nilirudisha simu mahali pake, nikaketi karibu na ile kompyuta iliyovaa vitambaa vyangu. Nilikuwa nimeifungulia nyumba na nimeilisha kuku, nayo haijanionyesha hata nywele ya mtoto.

Sasa siku hiyo ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tom alitafuta matokeo ya mpira, programu ikashuku, Tom akabahatisha, ikajifunga. Joram akaitwa. Bandani kulikuwa kumebaki kuku mmoja tu, mwenye kishungi, naye hakuwa bandani. Alikuwa nyuma ya jikoni, ndani ya lile katoni lililokuja pamoja na kompyuta, analalia mayai. Nilikuwa nimemwekea nyasi kavu humo, na ubavuni mwa katoni bado kulikuwa na mshale wa kuonyesha upande wa juu.

Nikasikia salamu sebuleni. Nikajibu kupitia pazia.

"Habari ya nyumbani, Mama," Joram akasema.

"Nzuri, Baba Kageha. Karibu kiti."

Nikatia chai kwenye birika. Nilipofungua kopo la majani, disketi ikanitazama. Walter akaingia jikoni, akaangalia sufuria, akaona maji matupu yanachemka.

"Mama, kuku?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Mkwe amekaa."

"Walikwisha. Mliwala."

Akachungulia nyuma. "Na huyo je?"

"Huyo analalia."

"Tutampa mayai kuku wa Swaumu."

"Swaumu ana kuku wa kulalia mayai yangu tangu lini?"

"Mama, tafadhali. Nitakununulia wawili. Unataka tuaibike kwa sababu ya kuku?"

Akainama akatia mkono kwenye katoni. Yule kuku alimdona kidoleni, akapiga mbawa, nyasi zikaruka mpaka kwenye chai. Walter akarudi nyuma ananyonya kidole, mtu mzima, katibu wa kanisa. Milka akasema kutoka sebuleni, "Kuna nini huko?" Na Joram akasema kwa upole wake, "Mwambie Mama asisumbuke, mimi nitapiga tu hilo neno niende."

Nitapiga tu niende. Nilisikia hayo maneno yakishuka ndani yangu. Atapiga neno, Tom ataona mpira wake, Walter atachapa barua, mkwe atavaa kofia. Halafu nitasubiri ijifunge tena, na safari ijayo sitakuwa hata na manyoya.

Nikamwinua kuku nikamtia kwapani. Alikuwa wa moto kama mkate. Nikatia mkono kwenye kopo la chai. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu Milka aolewe. Nikasukuma pazia kwa bega, nikaingia sebuleni ambamo mkwe wangu amekaa.

Joram akasimama haraka, mikono akaiweka mgongoni, macho akayatia chini kwenye zulia. Nami sikumtazama usoni. Nilitazama kile kitambaa cha kioo, nilichokishonea maua ya zambarau. Milka akashika mdomo. Yule kuku peke yake ndiye aliyeguna.

"Shemeji," Joram akamwambia Walter, bado anatazama zulia, "nadhani Mama ana jambo. Mama anataka nini?"

Walter akafungua mdomo. "Mama anasema kuku ana…"

"Walter, nyamaza," nikasema. "Mimi niko hapa."

Nikaiweka ile disketi mezani, juu ya kitambaa, ina majani ya chai ubavuni.

"Baba Kageha, nisamehe kwa kuingia hivi. Huyu kuku hafi leo, ana mayai. Chai ipo, na mkate nitatuma Tom. Barua za kanisa zingoje, na huo mpira ungoje. Kwenye hii disketi kuna mtoto wa Perez. Amepewa jina la mume wangu, na wanasema ana paji lake la uso, na mimi sijalitazama tangu tumzike. Nakuomba wewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, uniandikie hapo neno lako. Nataka kumwona Absalom."